Usimwambie mama mjamzito "acha mawazo"

Nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya kitu ambacho nakutana nacho karibu kila wiki nikitembea nyumba kwa nyumba kama VHT hapa Nakivale. Ni yule mama mwenye mimba, au mama aliyezaa juzi, ambaye halali. Mtoto analala, mume analala, yeye macho wazi mpaka jogoo anawika. Ukimuuliza una nini, anajibu, "Niko na mawazo mingi tu."

Najua kuko watakaocheka: kijana mwanaume ambaye hata mtungi wa maji unamshinda ataandika nini juu ya mimba? Sawa, chekeni. Lakini naingia kwenye hizo nyumba, nasikia, na wakati mwingine naitwa kutafsiri Mbarara. Na huwa siingii peke yangu. Natembea na mama mmoja VHT mwenzangu, mtu mzima aliyezaa mara sita, na mengi ya maana katika andiko hili yametoka kwake.

Hapa kambini kila luga iko na jina la huu ugonjwa, na hakuna luga inayouita ugonjwa. Sisi Wakongomani tunasema mawazo, au roho inaruka. Wanyarwanda wanasema guhangayika, na ikizidi wanasema agahinda. Wasomali wanasema walwal. Kwa sababu haina jina la ugonjwa, dawa yake inakuwa maneno ya juu juu: "Acha mawazo, utamwua mtoto." "Omba Mungu, itapita." "Mbona fulani amezaa saba na hakulia?" Nimesikia hata musawo akisema hivyo. Na huyo mama alikuwa na mawazo kumi. Sasa umemuongezea la kumi na moja, kwamba mawazo yake yanaua mtoto.

Mama mwenzangu hasemi acha mawazo. Anauliza, "Mawazo gani? Tuyahesabu."

Nitoe mfano mmoja. Sitataja jina wala kijiji, na vitu vingine nimevibadilisha ili asijulikane. Alikuwa dada wa Kivu ya Kaskazini, mimba ya miezi saba, na watoto watatu nyumbani. Majirani walisema amebadilika, anagombana kwenye bomba la maji, anasahau sufuria kwenye moto. Tulikaa naye nyuma ya nyumba. Mama mwenzangu akauliza swali lake, yule dada akacheka kidogo, halafu akaanza kuhesabu kwa vidole.

La kwanza, uchungu ukinishika usiku nitamwita nani, simu yangu haina salio. La pili, watoto nitawaacha na nani. La tatu, kliniki walisema mtoto amekaa vibaya, matako chini, labda watanipasua, na kwetu kuko mama alipasuliwa akafa. La nne, wakinipeleka Mbarara wataniongelesha luga gani, mimi sijue Kinyankole wala Kiingereza. La tano, sina beseni, sina nguo ya mtoto, sina kaveera ya kulalia. La sita, rasheni wamekata, nitanyonyesha na nini? La saba, mume wangu alirudi Kongo kutafuta mama yake, ni miezi mitano simu haipite.

Hapo alinyamaza. Tulifikiri amemaliza. Halafu akasema pole pole kwamba kuko mtoto alizaa njiani wakati wa kukimbia, kabla ya kufika Bunagana, na huyo mtoto hakuvuka mpaka.

Vitu vinane. Nilikuwa nimeviandika nyuma ya daftari. Ukiviangalia vikiwa vimepangwa hivyo, unaona kwamba si vyote ni vya aina moja. Vingine vinatafuta jibu tu. Namba ya simu ya usiku, hiyo ilikuwa kazi ya dakika kumi: tuliandika namba tatu kwenye karatasi, ya VHT, ya jirani mwenye simu na ya kijana wa bodaboda, karatasi ikabandikwa ndani ya mlango. Watoto, mama mmoja Mrundi wa nyumba ya pili alisema watalala kwake, kwani nini. Beseni na nguo zilipatikana kidogo kidogo.

Ile ya mtoto kukaa vibaya ilikuwa inamla zaidi ya zote, na hakuna aliyekuwa amemweleza. Tulienda naye kwa mkunga tukamwomba aeleze pole pole. Akasema kwamba kwenye mwezi wa saba watoto wengi bado wanazunguka, na wengi waliokaa matako chini wanageuka wenyewe. Siku ya kuzaa ikifika, katika watoto 100 wanaobaki hivyo ni kama 3 au 4. Na asipogeuka, ndio sababu ya kwenda mapema kwenye hospitali kubwa, si kungoja uchungu usiku. Yule dada aliuliza mara mbili, "Kwa hiyo si laana?" Mkunga akasema, "Hapana mama, ni namna tu ya kukaa."

Mume, tulimwelekeza kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao moja ni kutafutia watu ndugu waliopotezana. Jibu halikuja upesi, lakini sasa kulikuwa na mtu anayetafuta, na yeye hakuwa anatafuta peke yake saa nane za usiku kichwani. Rasheni hatukuweza. Hiyo naisema wazi, na nitairudia chini. Na yule mtoto wa njiani, huyo hana jibu la kuandika kwenye daftari. Huyo anataka mtu wa kukaa na wewe.

Mawazo yake hayakuisha. Lakini wiki ile aliniambia amelala kutoka saa nne mpaka karibu saa kumi. Kwa mtu aliyekuwa anahesabu mabati ya nyumba kila usiku, hiyo si kitu kidogo.

Mtoto hakugeuka. Alipewa rifera mapema, akaenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Kutoka huku kwetu ni zaidi ya saa moja ndani ya gari, vumbi kwanza halafu lami, na kama mvua imenyesha usiulize. Mimi nilikuwa mkalimani. Walipomweleza kwamba watamdunga sindano mgongoni na hatasikia miguu, aliona giza. Alinivuta mkono: "Mdogo wangu, waulize, miguu inakufa kabisa?" Nikauliza. Nesi akacheka kwa upole na kusema miguu inarudi baada ya masaa machache, na kwamba atasikia mikono ya daktari ikivuta lakini hatasikia maumivu ya kukatwa. Sentensi moja tu. Wenyeji wanaijua kwa sababu dada yao au shangazi amepita hapo. Mkimbizi hana shangazi Mbarara. Angeingia kwenye ule mlango akiamini anatoka kiwete, na hakuna kipimo cha presha kingeonyesha kwa nini inapanda. Walimzalisha salama, mtoto wa kike.

Sasa nitoke kwake kidogo, nieleze huu ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi tunadhani ni udhaifu wa mtu mmoja mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema duniani kote karibu wanawake 10 katika 100 wenye mimba wanapata shida ya akili, sana sana huzuni kubwa, na baada ya kuzaa ni karibu 13. Kwenye nchi maskini inapanda, karibu 16 wakati wa mimba na karibu 20 baada ya kuzaa. Yaani kwenye foleni ya kliniki ya mama 20, hesabu watatu.

Na msifikiri ni ugonjwa wa wazungu. Miaka ya 1970 daktari mmoja Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda na kuchunguza akili za wanawake wenye mimba upande wa Kasangati, karibu na Kampala. Utafiti wake ulikuwa na wanawake 263, ukatoka 1979. Aliandika pia juu ya amakiro, ugonjwa ambao Waganda waliujua zamani: mama aliyezaa anachanganyikiwa, anaweza kumdhuru mtoto, na watu wanasema ni kwa sababu alitembea na wanaume wengine akiwa na mimba. Angalia vile aibu inabandikwa juu ya ugonjwa. Baadaye, mwaka 1987, huyo Cox na wenzake wa Edinburgh walitoa maswali kumi ya kumuuliza mama aliyezaa: kama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu bure, kama anaogopa bila sababu, kama halali kwa ajili ya huzuni, kama amewahi kufikiri kujiumiza. Maswali hayo leo yanatumika duniani kote. Sitasema yalizaliwa Uganda, lakini mtu aliyeyaandika alikuwa amekaa na mama wa huku kwanza.

Mwili nao uko na sehemu yake. Kabla ya kusema ni mawazo, mama apimwe malaria na damu. Upungufu wa damu unafanya moyo ukimbie, pumzi ikatike, mtu achoke kabla ya kuamka, na hayo yote yanafanana na wasiwasi. Zile tembe nyekundu za kuongeza damu zinatupwa sana kwa sababu zinaleta kichefuchefu. Zimeze baada ya kula, usizitupe. Na ule wasiwasi unaokuja ghafla, kifua kinabana, mikono inatetemeka, tunafundisha kupumua: vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa kwa mdomo pole pole ukihesabu mpaka sita, dakika tano. Kutoa pumzi polepole kunatuliza mapigo ya moyo. Nyanya mmoja aliniambia hiyo si mpya, ndivyo walivyokuwa wanapulizia moto wa kuni mbichi.

Baada ya kuzaa, muhesabu siku. Siku ya tatu, ya nne, mama wengi wanalia bila sababu, wanacheka halafu wanalia. Hiyo inapita yenyewe ndani ya wiki mbili, anachotaka ni usingizi, chakula na mtu wa kumshikia mtoto. Ikipita wiki mbili na bado hali, halali hata mtoto akilala, haoni furaha ya kitu chochote, anasema watoto wangekuwa salama bila yeye, hapo si uchovu tena, aende kituo cha afya. Na kuko hatari nyingine ambayo haitokei sana, kwa kila mama 1,000 ni mmoja au wawili: ndani ya siku chache au wiki za kwanza mama anaanza kusikia sauti, anaongea vitu visivyoeleweka, halali kabisa, anasema mtoto si wake au ametumwa. Huyo usingoje kesho. Asibaki peke yake na mtoto, aende siku hiyo hiyo, Mbarara kuko idara ya magonjwa ya akili na madaktari wake. Anapona. Mchungaji aombe, hakuna anayekataza, aombe ndani ya gari wakienda.

Yule dada wetu, wiki ya tatu baada ya kuzaa, alianza tena. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri, mtoto ananyonya, majirani wanasema "una bahati, shukuru." Yeye alikuwa anamshika mtoto kama mtu anayeshika mzigo wa mwingine. Kila akimwangalia, alikuwa anamwona yule wa Bunagana. Hapo karatasi ya namba za simu haikusaidia kitu. Tulimpeleka kwa musawo wa mambo ya akili kwenye kituo, akaulizwa yale maswali kumi, na akaanza kuonana na mtu kila wiki. Pia akaanza kukaa na mama wengine sita chini ya mti, alasiri moja kwa wiki, watoto mgongoni. Siku aliyolitaja jina la yule mtoto aliyepotea, mama mwenzangu aliniambia tu kwamba amelitaja. Mengine hayanihusu, na sikuuliza.

Kuko watu wanadhani kazi kama hiyo inahitaji daktari mwenye digrii tatu, na kwa kuwa hatuna, basi tukae. Hapa hapa Nakivale, utafiti uliotoka 2008 wa Frank Neuner na wenzake ulichukua wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali wenye majeraha ya vita. Waliowatibu kwa mazungumzo walikuwa watu wa jamii ya wakimbizi waliofundishwa, si madaktari. Baadaye, katika waliosaidiwa kwa njia ya kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, 70 katika 100 hawakuwa tena na ugonjwa, na kwa mazungumzo ya kawaida ya ushauri, 65. Waliofuatiliwa tu bila matibabu walikuwa 37. Huo haukuwa utafiti wa wajawazito, lakini unaonyesha mikono ya nani inaweza. Wa mama wenyewe ulifanyika vijijini Pakistani: wahudumu wa afya wanawake, watu kama VHT, walitembelea mama wenye huzuni kubwa kutoka mwisho wa mimba mpaka baada ya kuzaa. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na ugonjwa walikuwa 23 katika 100, na kwa waliotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa 53. Na Harare, Zimbabwe, ni nyanya za mtaa ndizo zinakaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu. Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Ni mawazo mingi yetu yale yale.

Sasa ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, naomba mnivumilie. Nimeona kwenye kituo kimoja mama anaulizwa "umewahi kufikiri kujiua?" mbele ya foleni, kwa sauti, na mkalimani ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mlitegemea aseme ndiyo? Alisema hapana, fomu ikajazwa, ripoti ikawa nzuri. Kama kuko mti, mpelekeni chini ya mti. Muulizeni anataka mkalimani gani. Kuko mama ambao mimba zao zilitokana na vita, mnajua ninavyomaanisha, na mkalimani mwanaume wa kijiji chake ni mtu wa mwisho wa kumletea. Mimi mwenyewe nikiona mama anaangalia chini nikianza kutafsiri, natoka nje na kuita dada.

Na juu ya rasheni. Mwezi wa tano 2025 Shirika la Chakula Duniani lilitangaza kwamba fedha zimekosekana na wakimbizi karibu milioni moja Uganda wametolewa kwenye msaada wa chakula. Baada ya hapo, mafunzo ya kupunguza wasiwasi yaliendelea, na mimi nilikaa ndani. Mama mmoja aliinua mkono akasema, "Nimeelewa kupumua. Nikimaliza kupumua, napika nini?" Wote walicheka, hata mwalimu. Lakini lilikuwa swali, na halikujibiwa. Mtu mwenye njaa ambaye ana wasiwasi juu ya njaa, akili yake inafanya kazi vizuri. Kumfundisha kupumua ni sawa, mradi usiandike kwenye ripoti kwamba shida yake ilikuwa kupumua.

Kwa wanaume wenzangu nina maneno machache, kwa sababu kazi yenu iko wazi. Amka usiku mmoja kati ya miwili, mbebe mtoto akishanyonya, umruhusu mama alale masaa manne bila kuguswa. Usingizi peke yake unaondoa nusu ya ugomvi. Papa mmoja aliniuliza, watu wataonaje wakinikuta nafua nepi? Nikamjibu, papa, saa kumi na moja asubuhi nani anakuona? Siku hizi anafua saa hiyo, anaanika nyuma ya nyumba, na majirani wote wanajua.

Wale mama saba wa chini ya mti sasa ni kumi na moja. Mvua ikinyesha wanaingia darasa la kanisa, funguo anayo shemasi. Tunatafuta mama mmoja anayejua Kisomali na mwingine wa Kinyarwanda wa kukaa nao, na mtu yeyote aliye Mbarara, hasa dada mwanafunzi, anayeweza kupokea simu na kutafsiri Kinyankole kwa spika mama akiwa wodini. Aliye tayari aniandikie hapa chini kwa faragha, si kwenye kundi.